Matofali Yenye Herufi E

Mwanza, 14 Mei 1978

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta jikoni unamfokea mtu. Ukiwa unafoka nitajua u mzima. Mimi sijambo. Hapa chuo cha wauguzi wanatuamsha kabla ya jogoo, chakula ni ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali, na bado sare imeanza kunibana, kwa hiyo usinionee huruma. Nisalimie jirani yako Justina na mwambie bado nakumbuka alivyonipiga na mwiko kwa kula karanga zake za mbegu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la furaha. Hospitali ya Biharamulo itaongezewa jengo jipya, lenye wodi na chumba cha upasuaji, kwa ajili ya watu wenye uvimbe na saratani, ule ugonjwa unaokula nyama ya mtu polepole. Daktari bingwa anayetufundisha ndiye atakayekuwa anakuja huko kwa zamu. Leo hii mtu wa kwetu akiugua hivyo lazima aletwe huku Mwanza, na wengi wanafika tukiwa hatuna la kuwafanyia zaidi ya kuwafunga vidonda. Mimi ndiye ninayewafunga, Bibi. Serikali itatoa saruji na mabati, vijiji vitoe matofali na nguvu. Runazi nayo imo. Tafadhali mhimize mwenyekiti Leonidasi. Wewe anakuogopa.

La pili ni hili. Pasaka nilipokuja, ulikuwa unatwanga kwa mkono wa kulia peke yake. Uliponikumbatia ulinipa bega. Ulioga mlango umefungwa, wewe ambaye umenilea tangu mama alipofariki na hujawahi kunifungia mlango. Bibi, kuna kitu kwenye titi lako la kushoto? Na mama yako, yule wa Kibimba, alikufa kwa ugonjwa gani? Nijibu yote mawili.

Mjukuu wako,
Ildefonsa


Runazi, 2 Julai 1978

Kwako mke mwenzangu Ildefonsa,

Marahaba. Barua yako imefika imetafunwa kona, sijui ni panya wa posta au wewe mwenyewe uliandika unakula. Mume wetu, babu yako, angekuwa hai angecheka kusikia sare inakubana. Angesema sasa ndiyo amepata mke, yule wa kwanza alikuwa mifupa.

Hapa tupo. Mahindi yametoka kidogo, mihogo ipo, ng'ombe wa hawa Wasukuma wameingia tena shambani kwangu na nimewapiga mawe, ng'ombe na mchungaji wao. Justina hajambo. Bado tunakwenda naye kwenye kisomo cha watu wazima. Yeye mpaka leo kwenye daftari la mahudhurio anabonyeza dole gumba, anasema kalamu inateleza. Mimi, kama unavyoona, hakuna anayeniandikia. Waliozoea kunishikia kidole na kukipaka wino kama ng'ombe anayepigwa chapa, siku zao zimekwisha.

Habari ya hospitali nilimpelekea Leonidasi siku ile ile. Akaitisha mkutano. Baada ya hapo akaitisha mkutano wa kujadili mkutano. Nikasimama nikasema, Leonidasi, udongo hausikii hotuba, udongo unakanyagwa. Wakacheka, wakaenda mtoni. Sasa kila nyumba ina fungu lake. Wanaume wanachimba, wanawake wanamwaga maji na kukanyaga, tunajaza kalibu ya mbao, tunaanika chini ya nyasi jua lisipasue. Ili matofali yasichanganyike kila nyumba inaweka alama yake tofali likiwa bichi. Wengine wamebonyeza dole. Ndassa, fundi wetu wa tanuri, anachora pembe ya ng'ombe. Mimi nimeandika E. Kila tofali langu lina E ya Eustakia, imesimama wima na miguu yake mitatu ubavuni. Mwalimu wa kisomo alipopita aliniambia, mama, hii imenyooka kuliko ya kwangu. Nikamwambia najua.

Umeuliza mambo ya kitoto. Nilianguka juu ya kisiki nikichanja kuni. Kimepona. Mama yangu alikufa na uzee.

Duka la kijiji halina sabuni tangu mwezi uliopita. Nitumie vipande viwili, na usiniletee ile ya kunukia, si mwali mimi.

Bibi yako,
Eustakia


Mwanza, 20 Agosti 1978

Shikamoo Bibi,

Sijambo, na nimefurahi sana juu ya matofali. Nilimsomea daktari sehemu ya udongo na hotuba, akacheka hadi akavua miwani.

Lakini swali langu umelijibu kama unavyomjibu mtoza ushuru. Mama yako ulizoea kuniambia alikufa wewe ukiwa unanyonyesha mtoto wako wa kwanza. Uzee gani huo?

Nisikilize. Uvimbe ukiwa mdogo, unaotembea chini ya kidole kama mbegu ya ubuyu, unakatwa na mtu anarudi kulima. Ngozi ikishachanika, habari inakuwa nyingine. Nimemweleza daktari, na amesema uje kabla ya mvua, atakuona mwenyewe. Panda basi Biharamulo, nitakupokea. Ninakusihi, Bibi.

Nimetuma sabuni vipande vinne. Vile viwili ulivyoomba, nilivyotanguliza mwezi uliopita, vimekwisha upesi namna hiyo, kama alivyoniambia mtu aliyetoka huko? Unafua nini?

Ildefonsa


Runazi, 29 Septemba 1978

Kwako Ildefonsa,

Nimepata sabuni. Huyo mtu aliyetoka huku akahesabu sabuni yangu umtaje jina, nimshukuru mwenyewe kwa mkono wangu.

Tunaendelea vizuri. Justina ameota jino jipya, anasema. Mimi nimelitazama, ni lile la zamani lililokuwa limejificha. Mvua imetishia ikapita. Tanuri limeshapangwa. Limesimama pale chini ya kilima kama nyumba isiyo na mlango, lina midomo mitatu ya kutilia kuni, na matofali ya nyumba zote yamo ndani.

Sasa nikueleze heshima niliyopewa. Ndassa anasema huko kwao Shinyanga tanuri kubwa kama hili haliwashwi na yeyote tu. Linawashwa na mwanamke aliyekwisha zaa, mjane, anayelala peke yake, ambaye mwili wake ni mzima. Mwenye kidonda kisichofunga hasogelei hata kivuli chake, maana tanuri nalo litafungua vidonda, matofali yote yatapasuka, na nyumba itakayojengwa nayo haitamponya mtu. Akisema hivyo wazee wote wanatikisa vichwa, hata wetu sisi tuliotoka Ngara, kwa sababu na sisi kwetu wachoma vyungu wana mambo yao.

Wakatazamana, wakanitazama mimi. Leonidasi akasema, "Mama Eustakia, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye mjane. Una neno?"

Watu wote walikuwa wamesimama. Justina alikuwa ameshika maji ya kunawa. Nikasema sina neno.

Kwa hiyo siji Mwanza. Wodi hiyo umeitaka wewe, na itajengwa. Tanuri likishaungua na matofali yakishafika Biharamulo na kushikwa na saruji, hapo mtu anaweza kusafiri akatembea. Kabla ya hapo habari za titi usiniandikie tena, barua zinapita mikono mingi.

Kama chuoni wanatupa mashuka makuukuu, yale meupe, nichanie vipande vipana unitumie. Nataka kuchujia pombe.

Eustakia


Runazi, 19 Novemba 1978

Kwako mjukuu wangu,

Sijui kama hii itakufika, kwa kuwa ya kwako haijafika tangu ile ya sabuni. Mashuka nayo sikuyaona. Mabasi yamechukuliwa kupeleka askari. Redio ya Leonidasi inalia kutwa nzima kwamba nduli wa Uganda ameingia Kagera, na sisi hatuhitaji redio, tunawaona watu wenyewe wakipita barabarani kutoka Bukoba na magodoro vichwani. Mmoja alibeba mlango. Nikamuuliza, baba, mlango wa nini? Akasema nyumba ilikwisha, huu ndio uliobaki. Nikampa viazi.

Vijana wa mgambo wamekwenda. Shibuda, mwana wa Ndassa, naye amekwenda, yule mrefu anayepiga mluzi. Baba yake alimsindikiza hadi barabarani akarudi ameshika fimbo ya mtoto. Tangu hapo haiweki chini.

Tanuri tulikuwa hatujawasha. Kamanda wa mgambo akapita, akasema moto wowote unaoonekana baada ya jua kuzama, ndege itauona. Leonidasi akataka tungoje vita viishe. Nikamwambia na mvua nayo uiambie ingoje. Basi tukakubaliana: mchana tunachochea kwa nguvu, jioni tunaziba midomo kwa udongo na majani mabichi ya migomba, moto uendelee kula ndani kimya kimya, asubuhi tunazibua.

Nikawasha mimi. Nikanawa mikono, Justina akanimwagia maji, nikaingiza kinga cha moto, nao ukashika mara moja. Ndassa akapiga vigelegele kama mwanamke. Kisha nikakaa pale siku zote za moto. Waliniambia nikapumzike, nikakataa. Moshi ulinifaa. Mtu akikaa kwenye moshi hakuna anayeuliza harufu inatoka wapi.

Siku moja jioni, tumeshaziba, tukasikia mngurumo juu. Watu wakalala chini kwenye mihogo. Mimi nilibaki nimekaa, kwa kuwa kulala kifudifudi siwezi. Mngurumo ulipita ukaenda zake. Katika majani ya migomba kulikuwa na jicho moja jekundu limebaki wazi, nikalifunika kwa kiganja.

Tulipofungua, matofali yamekuwa mekundu kama nyama ya ng'ombe. Ndassa akachukua mawili akayagonganisha, yakalia kama kengele ya kanisa. Akanishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mama, una mkono safi."

Sikulala siku ile.

Yako pale yamefunikwa nyasi, yanangoja lori. Lori halipo. Malori yote yako vitani.

Kuna dawa ya maji ya zambarau mnayopaka vidonda vya watoto. Nitumie chupa. Kubwa.

Bibi yako,
Eustakia


11 Desemba 1978

Shikamoo Bibi,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, zimefungwa pamoja na uzi. Nimezisoma nimesimama, kwa sababu hapa hakuna pa kukaa.

Mimi sijambo. Tumehamishwa wodi, kazi ni nyingi, usinijali.

Sabuni. Mashuka. Dawa ya zambarau. Moshi. Umedhani ni nani unayemwandikia? Hii ndiyo kazi yangu. Ngozi imeshachanika, na imechanika muda mrefu. Huwezi kulala kifudifudi. Na bado umekaa juu ya moto ili ijengwe wodi ya wagonjwa kama wewe, na kwa ajili ya matofali ya wodi hiyo unajificha usiingie hospitali. Nimejaribu kumweleza mwenzangu mmoja jambo hili nikashindwa, akadhani nalia kwa uchovu.

Daktari ameitwa mbele vitani, kwa majeruhi. Amesema akipata nafasi atapitia Biharamulo. Lazima uwe pale atakapopita. Wewe sikuamini tena. Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti Leonidasi, nimemweleza ugonjwa wako na kumwomba akupeleke hospitali hata kwa kukubeba kwa machela. Nisamehe. Heri unichukie ukiwa hai.

Ildefonsa


Runazi, 4 Februari 1979

Ildefonsa,

Salamu sitoi. Utazisoma mwishoni kama zitakuwepo.

Wewe mtoto umezaliwa wapi? Umesahau kijiji hiki? Tangu lini barua ya mwenyekiti ikawa ya mwenyekiti? Barua ikiandikwa kwa Leonidasi inafunguliwa mkutanoni na kusomwa kwa sauti, kwa sababu tulimkatalia wenyewe asiwe na siri na wilaya, na aliyesimama kumkatalia ni mimi. Wewe ulikuwepo, umekaa kwenye mkeka wangu unakula miwa. Ukaenda Mwanza ukapata kofia nyeupe, ukasahau.

Akaisoma. Alipofika kwenye neno "titi" akasita, nikaona anataka kuruka. Watu wakasema soma, mwenyekiti, soma yote. Akasoma yote. Kidonda. Ngozi kuchanika. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nimekaa kwenye kigoda changu. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wanatazama miguu yangu, kama vile ndiyo iliyougua.

Ndassa akainuka. Mwanawe Shibuda hajaandika, hajasalimia, waliokwenda naye wawili wameleta habari, yeye hapana. Akasema hivi, kwa sauti ndogo sana: "Nilikuuliza una neno, ukasema huna." Kwa kweli aliyeuliza alikuwa Leonidasi, lakini sikumrekebisha. Akasema moto ule niliuwasha na kidonda, na sasa unamla mtoto wake huko alipo. Mtu anayemtafuta mwanawe utamjibu nini? Nilikaa kimya. Umenisikia? Mimi. Nilikaa kimya.

Kesho yake wakaenda wakabomoa nyasi, wakachambua matofali. Yangu yote, yenye E, wameyatupa upande wa mtoni, yako kama lundo la mizigo ya mtu aliyefukuzwa. Yaliyobaki nayo hawayagusi. Wanasema moto ulikuwa mmoja. Mvua inanyesha juu yake. Yanalia vilevile ukiyagonga, nimekwenda nikagonga, lakini nani anasikiliza.

Justina haji tena kuchota moto kwangu. Anapita njia ya juu. Leonidasi alileta machela, na wabebaji wakaiacha mlangoni wakaondoka, hakuna aliyetaka kushika upande wangu.

Uliniuliza juu ya mama yangu. Haya. Kibimba, mama alipochanika titi, baba alimjengea kibanda nyuma ya migomba, na chakula tulimsukumia kwa ubao. Mimi ndiye niliyesukuma. Alikuwa akinisalimia kutoka ndani, nami nilikuwa nimeziba pua kwa khanga, namjibu kwa pua imezibwa, naye akisikia. Hakuwa na uzee wowote. Alikuwa na meno yote.

Ndiyo maana niliitaka wodi yako, yenye milango na vitanda, mtu asalimiwe na watu wenye nyuso. Ulidhani nimekanyaga udongo kwa ajili ya hotuba za Leonidasi?

Na jambo lingine. Barua zako zote juu zimeandikwa Mwanza. Ya mwisho ina tarehe peke yake. Haina stempu, ina muhuri wa duara kama wa barua za vijana wetu walioko vitani, na karatasi ina tope jekundu ambalo Mwanza halipo. Nimejifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo nasoma kila kitu, hata bahasha. Unanisema mimi nafichaficha. Wewe je?

Salamu hizi hapa. Kula. Usilale chini.

Eustakia


Hospitali, Biharamulo, 6 Machi 1979

Mke mwenzangu Ildefonsa,

Pokea salamu zangu nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha chuma, mto mgongoni, na muuguzi mdogo kuliko wewe ananikataza kuandika. Nimemwambia akaandike yeye barua zake.

Lori lilikuja. Lilikuwa limepeleka unga kaskazini, likirudi tupu, na dereva ana agizo la wilaya akusanye matofali ya hospitali kijiji kwa kijiji. Akapiga honi, hakuna aliyetoka. Akapiga tena. Nikatoka mimi. Nikaenda mtoni kwenye lundo langu, nikaweka tofali moja kichwani, nikalishika kwa mkono mzima, nikapanda nalo, nikalitia kwenye lori. Nikarudi nikachukua jingine.

Ndassa akaja na ile fimbo. Akaniangalia. Kisha akaingiza mkono akalitoa tofali langu akaliweka chini. Nikalirudisha. Akalitoa. Nikalirudisha. Tukafanya hivyo, yeye anatoa, mimi naweka, dereva akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka. Maji ya kidonda yalikuwa yameshapenya khanga mpaka kiunoni, watu wote wanaona. Nikamwambia, "Ndassa, linuse. Linanuka nini? Linanuka moto tu. Mimi ndiye ninayenuka. Nitoe mimi, tofali liache."

Akashika lile tofali kwa muda. Halafu akakaa chini palepale kwenye gurudumu, akasema, "Mama, mwanangu." Akalisema hilo tu, tena na tena. Fimbo ikaanguka. Nikaiokota nikampa.

Kisha nikasikia mtu ananitukana nyuma yangu. Justina. "Kibibi kikaidi wewe, utabeba mwenyewe mpaka lini, na mkono mmoja kama buli?" Amebeba matofali mawili kichwani. Nyuma yake wanawake wengine, si wote. Wanaume walisimama mbali wamekunja mikono. Lori halikujaa. Liliondoka na nusu ya matofali ya Runazi, na mimi juu yake, nimekaa juu ya herufi yangu. Justina aliniwekea khanga zake mbili chini. Aliponiaga alinikumbatia, kifuani, na pua yake wazi.

Jengo nimeliona. Niko kwenye wodi ya zamani, lakini dirishani mchana naliona. Kuta zimefika usawa wa madirisha zikaishia hapo. Mabati hayajafika, wanasema yanahitajika kwingine. Mafundi wamebaki wazee wawili. Matofali yetu waliyapanga upande wa jua linakotoka, na moja la kwangu limegeukia nje, E imekaa ubavu kama inalala. Nimemwambia fundi alinyooshe, akasema saruji imeshakauka, mama. Nikafurahi. Nikamwambia basi liache.

Daktari wako yuko hapa. Atakuwepo wiki hii kisha anarudi mbele. Ni kweli anavaa miwani, lakini yule wa kucheka hadi akaivua sikumwona. Huyu ana macho ya mtu aliyesahau kulala. Alinipima bila kugeuza uso. Nikamwambia aseme wazi, mimi si yai. Akasema ningekuja kiangazi angekata kidogo nikarudi shambani. Sasa uvimbe umefika kwapani, na pengine umepita. Atakata kesho asubuhi. Hakuniahidi kitu, nami sikumwomba.

Wakaniletea karatasi ya kukubali kukatwa. Muuguzi akafungua kile kikopo cha wino, akanishika kidole gumba. Nikamwambia, mwanangu, hicho kipeleke Runazi kwa Justina, mimi niletee kalamu. Mkono wa kulia bado ni wangu. Nikaandika jina lote, E mbele, na nyingine zote nyuma yake zimepanga mstari, hakuna iliyotoka nje. Daktari akasimama akasubiri mpaka nikamaliza.

Nikamuuliza, "Mjukuu wangu Ildefonsa, mwanafunzi wako, hajambo huko Mwanza?"

Akageuka akatazama dirishani. Ilikuwa jioni, na kwa ajili ya ndege dirisha lilikuwa limeshazibwa blanketi.

Mimi sasa neno langu nimeshalisema. Kijiji kizima kimesikia, nimelitia na sahihi. Hakuna nililobakiza. Kwa hiyo ukipata barua hii chukua kalamu, na juu ya karatasi, kabla ya tarehe, kabla ya shikamoo, uandike uko wapi.

Bibi yako,
Eustakia